Sahani Iliyofunikwa

Mama,

Tulienda Ufaransa. Baba alitaka kuahirisha, lakini ile nyumba ulikuwa umeshaikodi mwenyewe, na kwenye karatasi bado kulikuwa na jina lako. Watu watatu, wiki moja. Sikuwa na moyo wa kulifuta.

Kijiji kiko vilevile alivyokusimulia yule bibi Mfaransa uliyekuwa ukimwogesha kazini. Mizabibu inafika hadi ukuta wa kanisa, na mawe ya nyumba yana rangi ya chai ya maziwa. Niligeuka nikuonyeshe, nikakuta begi.

Mwenye nyumba, mama mzee mwenye aproni, alitungoja mlangoni na ufunguo. Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania? "Soma hicho Kifaransa, mama. Wewe ndiye utakuwa mdomo wangu huko." Basi akaniuliza mimi: wa tatu yuko wapi? Neno la kusema umefariki nililijua. Nimelikuta vitabuni mara nyingi. Halikutoka. Nikasema utakuja baadaye.

Baba akauliza, "Amesema nini?"

Nikamjibu, "Anatukaribisha tu."

Jioni yule mama akatuletea supu na mkate. Akaandaa sahani tatu, na yako akaifunika kwa sahani nyingine, kama ulivyokuwa ukimwekea Baba akichelewa kutoka kazini Blacktown. Baba aliitazama mpaka supu yake ikapoa. Kisha akasema, "Hawa watu wana utu. Hata hawakumjua, na wamemkumbuka." Akalia, Mama. Hakuwa amelia, hata siku ya mazishi.

Ningemwambia nini?

Sahani ilikuja kila jioni, na kila jioni Baba alimshukuru yule mama kwa mikono yote miwili. Asubuhi mama yule aliifunua, akaikuta kama alivyoiacha, akaniangalia. Siku ya nne hakuniuliza tena utafika lini. Tulipoondoka alinishika mashavu. Nadhani alishajua. Mimi ndiye niliyebaki nikisema utakuja.

Sasa tuko nyumbani, Quakers Hill. Baba amejifunza kupika sukuma, anaichemsha mno. Kila jioni anakupakulia wewe kwanza, anafunika, ananiambia, "Kule ndivyo wanavyofanya." Asubuhi, kabla ya treni ya shule, mimi ndiye ninayemwaga. Ugali unakuwa umekauka pembeni. Nilidhani nitazoea.

Nikimwambia ukweli, kwamba sahani ile ililetwa kwa sababu nilisema unakuja, nitamnyang'anya kitu pekee alichorudi nacho. Nisipomwambia, nitaendelea kumwaga chakula chako mpaka nimalize shule, na yeye ataendelea kupika kwa watatu. Nimefikiria sana, Mama, unajua ninavyofikiria. Sioni mahali pa kutokea.

Sikukuaga hospitalini. Waliniambia nikalale kidogo, nikalala. Kwa hiyo nakuaga hapa, kwa mwandiko wangu mbaya uliokuwa ukiucheka. Kwaheri, Mama.

Nakuahidi jambo moja. Leo Baba akifungua kabati na kuchukua sahani ya tatu, nitamshika mkono na kulisema lile neno nililoshindwa kulisema kule, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika. Sitegemei kwamba litatusaidia. Ila sahani yako nitaiosha vizuri, niikaushe, niirudishe mahali pake.

Mwanao,
Mumbi