Masahihisho ya Barua ya Tarehe Sita

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Na mumeo hajambo huko barabarani na lori lake? Mimi mzima, isipokuwa haya masikio, ambayo yalistaafu mwaka mmoja na mimi. Ndiyo maana nakuandikia. Simu na mimi hatuelewani tena.

Habari yenyewe si nzuri. Chiriku ana tetekuwanga. Ilianza jana kwa vipele vitatu mgongoni, nikadhani ni mbu. Leo viko hadi ndani ya masikio, vingine vimejaa maji, na joto linapanda. Nimemkata kucha, nimemvika soksi mikononi asijikune, na namkanda kwa maji ya uvuguvugu. Mwenye duka wa hapa chini ananiambia mtoto wa namna hii haogeshwi, eti vipele vitaingia ndani. Nikamuuliza, vitaingia kwa mlango gani? Akaniuzia aspirini. Nilipofika nyumbani nikasoma karatasi ya ndani ya boksi, nikarudi nikamwekea vidonge vyake juu ya kaunta mbele ya wateja. Mtoto mwenye tetekuwanga hapewi aspirini. Imeandikwa, ila siku hizi watu wanauza wasichokisoma.

Hayo nayaweza. Nisichokiweza ni kwamba mtoto hasemi. Ulimwita Chiriku wewe mwenyewe, kwa sababu hanyamazi hata akitafuna. Tangu jana nimeona midomo yake ikisema neno moja tu, "mama". Nikamwambia mama yuko kazini. Akageukia ukutani.

Njoo.

Baba yako


5 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako. Mimi sijambo. Yako nimeisomea chooni, mahali pekee hapa kiwandani ambapo msimamizi hanifuati.

Kuna jambo nilitaka nije nikwambie kwa mdomo. Nina mimba ya miezi mitano. Huku aproni inanificha, maana anayeonekana na tumbo hupewa barua ya kwaheri. Anayejua ni mume wangu na mwuguzi wa zahanati ya kiwanda. Nilipomweleza mwuguzi habari za Chiriku, alinishika mkono akasema, "Dada, kama uliwahi kuugua tetekuwanga utotoni, nenda kesho. Kama hukuwahi, usiikanyage nyumba hiyo. Kwa mjamzito inaweza kushuka mapafuni, ikaondoka na mama na mtoto." Kipimo cha damu kipo, ila majibu huchukua wiki tatu.

Basi niambie, baba. Niliwahi? Nakumbuka kitanda, pazia limefungwa, na mama akinipepea kwa gazeti lako. Lakini mama kila kipele alikiita "tete", hata cha joto. Huenda ilikuwa surua. Kadi yangu ya kliniki imo kwenye sanduku lake. Tafadhali itazame kwanza, ndipo unijibu. Nitafanya utakavyosema.

Mpulizie Chiriku vipele vyake, mwambie ni pumzi yangu.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Hujambo, na huyo mgeni wetu wa tumboni hajambo? Nimefurahi, kisha nimekasirika, kwa mpangilio huo. Mnashona nguo za kulalia za watoto wa watu, mamia kwa siku, na wa kwako unamficha chini ya aproni kama kitambaa cha wizi. Ningekuwa na gazeti langu, mabwana hao wangepata ukurasa mzima, na kila nukta ningeiweka mwenyewe.

Sasa jibu lako. Uliugua tetekuwanga ukiwa na miaka mitano. Mama yako aliniletea kijikaratasi ofisini, nakikumbuka hadi mwandiko: "Mtoto ana tete, njoo na maziwa." Sanduku lake sijalifungua tangu tulipomzika, na silifungui kwa ajili ya jambo ninalolijua. Miaka thelathini gazetini nimesahihisha maneno ya watu wenye shahada zao, leo wewe unaniuliza kama najua tofauti ya tetekuwanga na surua?

Chiriku hajanywa kitu tangu jana mchana. Vidonda vimeingia mdomoni. Namdondoshea maji kwa kijiko, yanatokea pembeni. Kilio chake sikisikii. Inabidi niweke kiganja kifuani mwake ili nijue kama analia. Ukidhani nasema haya ili kukulazimisha, umedhani sawasawa.

Njoo.

Baba yako


15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Hali yako, na ya mgonjwa wetu? Mimi nimerudi kazini salama. Mgongo unauma kwa siku zile sita za kukaa kitini na Chiriku mapajani, na vidole bado vina rangi ya waridi ya ile dawa ya kupaka. Msimamizi amenitoa kwenye cherehani, amenipeleka kwenye mashine ya vifungo, ambako tunasimama tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo adhabu ya kuwa na mtoto anayeugua.

Wenzangu wananiuliza nacheka nini. Nakumbuka neno la kwanza alilokwambia alipofungua mdomo: "Babu, unanuka vitunguu." Nawe ukamjibu, "Na mimi nakupenda pia."

Kuna jingine sikukusimulia. Siku ya mwisho alikuwa amelala juu yangu, magamba yake yananikwaruza, mdogo wake akampiga teke kutoka ndani. Akainua kichwa akaniuliza nani anabisha hodi.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, na nyumba imerudi kwenye kelele zake, naziona. Magamba yanadondoka. Anayaokota na kuyapanga dirishani, hataki niyafagie. Ananionyesha kwa kidole: haya ya mama, haya ya mama, hili moja la babu. Mgawanyo huo sikuupenda.

Umeona sasa? Ungesubiri karatasi ya mwuguzi wako, ungekuta nini hapa? Siku nyingine ukiniuliza jambo, niulize mara moja.

Baba yako


24 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui nianze kukujulia hali au nikueleze yangu.

Jana nilipovua aproni niliona kipele kimoja juu ya kitovu. Leo asubuhi ni kumi na saba, na nina joto. Mwuguzi aliniuliza tena, "Una hakika uliwahi?" Nikamwambia baba yangu hakosei maneno, ndiyo kazi yake. Akaandika kwenye fomu: aliwahi kuugua tetekuwanga. Daktari akaisoma fomu zaidi ya alivyonisoma mimi. Amesema ni rangi ya vitambaa imeniwasha ngozi, nipake mafuta nirudi kazini. Nimepaka.

Mtoto anacheza, ila si kama juzi. Na nikipanda ngazi napumua kama niliyekimbia.

Sitaki kukuudhi, baba. Fungua sanduku.

Mwanao


25 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika sasa hivi. Sikuimaliza, nimefungua sanduku. Kadi ilikuwa chini ya miwani ya mama yako. Ukiwa na miaka mitano, kwa mwandiko wa kliniki: SURUA. Tetekuwanga haimo. Nimetazama pande zote mbili, nimetazama tena.

Waonyeshe barua hii. Wafute lile neno kwenye fomu. Waambie hukuwahi kabisa, ulikaa siku sita na mtoto mgonjwa, na una mimba. Usingoje zamu iishe, usimwombe mtu ruhusa. Barua nampa dereva wa basi mkononi, nimemwapisha. Jirani nimempa namba ya kiwanda apige kwa niaba yangu. Anasema inaita tu.

Nijibu hata kwa neno moja.

Baba


28 Machi

Mwanangu,

Hujambo?

Baba


9 Aprili

Mwanangu,

Sikuulizi hali safari hii.

Mumeo amekuja leo. Tangu mazishi yako hatukuwa tumeonana. Hakukaa, alisimama mlangoni kofia mkononi, akanipa mfuko wako: aproni, kitana, na nguo moja ya kulalia ya mtoto mchanga, ambayo nadhani uliishona kwa vipande vilivyobaki. Humo mlikuwa na barua zangu mbili, hazijafunguliwa. Ya kwanza ilifika jioni ile ile, ikalala juu ya meza ya mlinzi wa getini. Asubuhi yake ulianguka kwenye mashine ya vifungo, na hakuna aliyekumbuka kukupelekea. Hospitali nayo ilianza na fomu. Walipoacha kuiamini, mapafu yalikuwa yameshajaa, na yule aliyekuwa akibisha hodi alikuwa ameshanyamaza. Wewe ulimfuata baada ya siku mbili.

Nimetafuta wa kumlaumu. Kiwanda kina lake, daktari ana lake, mlinzi ana lake. Kila mmoja nimemwandikia kichwani ukurasa wake, na sifuti hata mstari. Ila kila ukurasa ukiisha, namkuta mtu yule yule ameketi mwishoni.

Mama yako aliandika "tete". Kazini nilizoea kukamilisha vifupisho vya waandishi wavivu, mkono unakwenda wenyewe. Lililobaki nililijaza mimi.

Chiriku ana kovu moja tu, juu ya nyusi. Magamba bado yako dirishani. Alikuwa akiniuliza utakuja lini, namjibu karibuni, lakini yeye si kiziwi, anaisikia sauti yangu. Tangu jana midomo yake haijafunguka.

Miaka thelathini nilitunga kile kisanduku kidogo cha ukurasa wa pili, kwa makosa ya wengine. Cha kwangu ndicho hiki.

MASAHIHISHO. Katika barua ya tarehe 6 Machi, aya ya pili, palipoandikwa "tetekuwanga" pasomeke "surua". Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.

Baba yako