Krispi za Rehema Zenye Uzi Mwekundu

Wifi Tunu,

Salamu ya kukuuliza hali sina, maana hali yako anaijua Mungu peke yake. Yangu nitakuambia mwenyewe, na ukiona nafoka humu katikati, nivumilie. Ulishanizoea.

Tangu tukuzike, Rehema, mtoto wa kaka yako, hana kitu cha kutafuna mbele ya wenzake. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Watu wananiambia jambo dogo hilo, mtoto ana miaka saba, ale ugali na samaki wa mgebuka nyumbani ashibe, basi. Hawajui. Wewe ulijua, ingawa na wewe ulianza vibaya.

Unakumbuka ulivyonicheka? "Mtoto gani wa Ujiji hali karanga wala mayai? Aleji, aleji! Mnamdekeza wewe na kaka yangu." Nikageuka tu kuanua nguo, ukampa kipande cha kashata ya karanga. Narudi, mtoto midomo imevimba, pumzi inapiga mluzi, na wewe umemkumbatia unalia kwa sauti kuliko mimi mama yake. Hukuniomba radhi kwa mdomo. Alipotoka hospitali ulikwisha toa karanga zote nyumbani kwako Kasingirima, ukanunua karai jipya na dumu la mawese la peke yake. "Hivi ni vya shangazi na Rehema. Mtu akivigusa namkata mkono." Nilikusamehe siku ile ile, Wifi. Sikukwambia. Nakwambia leo, na haikusaidii kitu.

Krispi zako zile jamani! Ndizi za yule mama wa Kidahwe anayetuamkia kwa Kiha "mwakeye", salamu ya asubuhi, hata ikiwa jioni. Unazikata nyembamba, mawese yanazitia wekundu, chumvi, na ndimu kidogo. Unazitia kwenye vipakiti vya nailoni, unaziba mdomo wa pakiti kwa moto wa mshumaa, umejikunja pale chini, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Za kuuza ziliondoka hivyo hivyo. Za Rehema ulizifunga uzi mwekundu. "Ukiona uzi wa shangazi, kula ufumbe macho." Na alikula! Alhamisi kwenye chuo cha Kurani, watoto wakitoa vitu vyao wagawiane, yeye ndiye aliyekuwa anaombwa. Alikuwa anajidai huyo, hashikiki.

Halafu presha ikakuchukua Jumanne moja asubuhi, hata chai hujanywa.

Msiba wako ulijaa. Na msiba wa kwetu ukijaa unaujua, wanawake wa mtaa wanaingia jikoni, vyombo vyote vya nyumba vinatoka uani, hakuna tena cha nani. Mimi nilikuwa ndani nimejilaza mkekani, sijijui sijitambui. Karai sikulikumbuka. Dumu sikulikumbuka. Wenzangu wakakaanga karanga za kuteremshia kahawa ya wanaume barazani, wakatumia mawese yako. Yaliyobaki wakayachuja vizuri kwa kitambaa safi, wakayarudisha dumuni. Kwa wema kabisa, Wifi. Ndiyo maana sina hata wa kugombana naye.

Arobaini ilipopita nikalichukua karai na dumu nikaja navyo kwangu Rusimbi. Karai nililisugua mpaka vidole vikauma, kwa sababu nilijua limeshikwashikwa. Dumu lilikuwa na kifuniko chake, nikaona hilo halina neno. Rehema akakaa pembeni yangu, mara ya kwanza kumwona anacheka tangu uondoke. Nikakata ndizi, nikakaanga, nikaziba kwa mshumaa nikijiunguza, nikafunga uzi mwekundu kwa mkono wangu huu. Nikamwambia maneno yako. Kula ufumbe macho.

Akafumba kweli.

Hospitali sitaki kuisimulia. Walimchoma sindano, akarudi. Mungu alimrudisha, ila alirudi mwingine. Jirani yako Bi Zena alipokuja kutupa pole ndipo nilipojua. Nilikuwa najiuliza kwa sauti, karanga imetokea wapi, akaniambia, "Mafuta mazima yale, mwanangu, tungeyamwagaje?" Nilitaka kupiga kelele. Nikamtazama mzee wa watu, nikainuka kumchukulia maji. Hivi sasa haji tena kwangu. Ananiona njiani anapita upande wa pili.

Basi nikaanza kutafuta vya dukani. Nimepita maduka yote ya Ujiji, nikaenda mpaka mjini Kigoma. Biskuti zinazotoka ng'ambo ya ziwa zimeandikwa Kifaransa, nani anisomee? Za Dar zina maandishi madogo kama mayai ya chawa, na ukiyapata mwisho unakuta huenda zina chembe za karanga. Huenda! Mimi nifanye nini na huenda? Za hapa hapa kwetu hazina maandishi kabisa, ni nailoni na mshumaa tu kama zako, na nikimuuliza mama muuzaji alikaangia nini ananiona namwambia mchafu. Muuza duka mmoja alinichoka, "Dada, unanunua au unasoma?"

Nilipata aina moja tu. Haina karanga, haina mayai, imeandikwa wazi. Nikaionja, Wifi, ni kama kutafuna boksi. Nikampa Rehema. Akatafuna taratibu, akanitazama usoni, akasema, "Mama, haina ladha, ila nitakula usilie." Mtoto wa miaka saba! Nikaenda kulia uani ili asinione, akanifuata huko huko na kile kipakiti mkononi.

Tangu siku hiyo sijanunua tena. Sina pa kwenda kutafuta.

Alhamisi iliyopita nilimfuata chuoni mapema, nikachungulia mlangoni. Wenzake wanagawiana visheti na ubuyu. Rehema amekaa na pakiti mapajani. Moyo ukanilipuka, nikaingia mbio kumnyang'anya. Ni ya kwako. Ulimfungia wiki yako ya mwisho, akaificha kwenye begi la madaftari siku zote hizi. Krispi zimevunjikavunjika, zimebadilika rangi. Hazili. Anaishika tu ili na yeye aonekane ana kitu. Uzi haujafunguliwa.

Sikumnyang'anya. Nilikaa naye chini mpaka wenzake walipomaliza kula.

Lala, Wifi. Siwezi kukuahidi kwamba nitampatia kitu kitamu, ningekuwa nakudanganya wewe na yeye. Ninachokuahidi ni hiki kimoja: uzi wako mwekundu sitaufunga tena juu ya kitu nisichokijua. Kama ni kukaa bila uzi, atakaa bila uzi. Ile pakiti yako nimemwachia.

Wifi yako,
Mama Rehema