Swali la nyanya Persis barazani

Abigael, uko? Nimetoka kwa nyanya sasa hivi.

Unajua vile yeye huwa kimya hata kanisani? Huyo huyo! Mwaka wa 1971 nusura afukuzwe chuo cha ualimu!

Ilikuwa hivi. Wakati wa likizo, D.O., yule mkuu wa tarafa, aliita baraza kule Keumbu kuhusu zao la pareto, akataka wanafunzi wa vyuo waje "wajifunze mambo ya serikali." Mwishoni akauliza kwa mzaha, "Wasomi wetu, mna swali?"

Nyanya akasimama. "Mama zetu ndio huchuma pareto. Mbona chama cha ushirika kinakataa kuwaandika kuwa wanachama?"

Na chifu aliyeketi kando ya D.O. alikuwa baba yake mzazi! Mzee Alfayo akasema, "Persis, keti."

Hakuketi. Abigael, HAKUKETI!

Akina mama nao wakaanza kusimama, mmoja mmoja, mpaka D.O. akafunga mkutano bila kujibu.

Chuo kikamfungia nje muhula mzima. Babake hakumsemesha mpaka Krismasi. Lakini mwaka uliofuata mamake aliandikwa kwenye chama, na ni Alfayo mwenyewe aliyempeleka!

Sasa nikamwambia kesho kuna kikao cha maoni ya wananchi kuhusu majani chai hapa Birongo, na wanafunzi wa chuo tumealikwa. Nikasema naenda kusikiliza tu.

Akanitazama. "Kusikiliza tu?"

Nimeshindwa kutulia, nazunguka uani. Nitauliza mbona kamati ya majani chai haina mwanamke hata mmoja. Ninaogopa, lakini nitauliza. Utakuja?