Mama wa Pili wa Yoramu

Gongoni, Tabora

Mdogo wangu Recheli,

Pokea marahaba yangu kabla hujatoa shikamoo, na tafadhali kaa chini, maana nakujua, unaisoma hii umesimama mlangoni na ufagio mkononi. U hali gani huko Nzega? Magoti yameacha kuuma? Wale kuku waliokuwa wanasinzia wamepona au mmeshawala? Sisi wazima, isipokuwa mguu wangu wa kushoto, huo unatabiri mvua kuliko redio. Levina amepandishwa cheo, sasa ndiye matroni wa wadi ya wazazi. Madaktari wenyewe wakimwona wanaficha simu mfukoni. Mtoto niliyemsomesha kwa maandazi! Nisiendelee, utasema najisifu, ingawa katika ukoo wetu sijui mwingine wa kusifiwa ni nani.

Simu sikutaka. Kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika kwenye neno lenyewe, halafu unasema salio limekwisha. Barua hii ameibeba Elieza, anakuja huko na mchele wake.

Wiki hii atabisha hodi kwako kijana anaitwa Yoramu. Ni dalali wa nyumba na viwanja. Anaitaka nyumba ya Baba, hii ninayoishi mimi. Tangu izungumzwe reli mpya, kila mwenye shati la kupiga pasi anaitaka Gongoni.

Madalali wa zamani tuliwazoea. Walipita, wakauliza unauza, ukisema siuzi wakaenda zao, basi. Huyu siyo hivyo. Huyu nyumba hata kuitaja haitaji. Alikuja mara ya kwanza akasema anaomba maji ya kunywa tu. Viatu vyake vina ncha, ungedhani anakwenda kuchimbua mihogo. Manukato yake yalitangulia kuingia na yakachelewa kutoka, mbuzi wa jirani yetu Ummy akapiga chafya uani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanisalimia Kinyamwezi, mwangaluka, salamu ya asubuhi, wakati jua linazama! Nikamjibu vilevile mwangaluka nione kama atashtuka. Akachekelea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Basi akawa anakuja. Kila asubuhi ananitumia sauti kwenye simu, Mungu amekuamshaje mama yangu wa pili. Mguu anauulizia. Levina anamuulizia. Akaniletea asali ya Sikonge, akasema alipoiona alinikumbuka mimi peke yangu. Sasa Recheli, kijana anayeleta asali kwa mama na kumuulizia binti, kwetu anatafuta nini? Ndiyo nikakupigia Pasaka kukuambia mlango unagongwa, nawe ukaanza kuulizia bei ya vitenge vya sare. Nilimwambia Levina avae vizuri. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, mama, huyo hanichumbii mimi, anachumbia kuta. Maana yeye Yoramu alishamtapikia yote hospitalini alipokwenda kumsalimia: kwamba ofisi yao iliwapeleka semina Dar, wakafundishwa wasimtajie mteja nyumba, wawe ndugu zake kwanza, nyumba itakuja yenyewe. Alisema kwa majivuno, maskini, utadhani kasomea udaktari. Yaani watu wazima wamelipiwa nauli hadi Dar kufundishwa kumwamkia mtu!

Nikaenda kwa jirani yangu Mwanahawa, mjane wa Mzee Mabruki. Nikakuta asali ileile, chupa ileile, na yeye alikumbukwa peke yake. Na yeye ni mama wa pili. Kwa jirani mwingine, Sikuzani, hivyohivyo. Mtaa mzima tulikuwa wa pili, wa kwanza sijui yuko wapi, labda hata simu yake haipokei. Ungemwona kwenye msiba wa Mabruki! Alilia kuliko watoto wa marehemu, watu wa mbali wakampa pole yeye. Mwanahawa hakumaliza hata eda yake vizuri, akauza. Sasa amepanga chumba kule Ipuli.

Utaniuliza, kama nilijua yote hayo, kwa nini niliendelea kumkaribisha. Nilikuwa nawaambia watu kwamba namtumia. Na kweli nimemtumia! Bati la jikoni kapanda kulipigilia mwenyewe na viatu vyake vya ncha, nikiwa chini namwelekeza kwa fimbo, mtaa mzima wakicheka.

Lakini wewe nikufiche nini. Nilikuwa namsubiri. Ikifika jioni hajaja nilitoka kuchungulia barabara. Tangu baba Levina afariki hakuna aliyewahi kuniuliza mguu umelalaje, Levina anauliza kama muuguzi, wewe unauliza ukiwa na haraka. Huyu alikaa. Alijua ni uongo, nami nilijua ni uongo, na chai tulikunywa. Juzi alipotoa karatasi zake za mauzo, Recheli, nilishika kalamu. Niliishika kabisa.

Simu yake ikalia mezani. Kwenye kioo nikasoma, Mama Mwanahawa. Akaigeuza kifudifudi, akasema ni mtu wa usumbufu tu huyo, tuendelee mama yangu. Mtu wa usumbufu! Na yeye Yoramu ndiye aliyemlilia mume wa huyo mpaka kamasi!

Nikaweka kalamu chini. Nilipaswa kumfukuza, ila nikatafuta njia rahisi, nikasema nyumba ni ya watu wawili, bila mdogo wangu wa Nzega siweki sahihi. Akafurahi. Akaulizia unapenda nini. Mdomo wangu huu, nikamwambia unapenda karanga za kukaanga, na kwamba magoti yanakusumbua.

Kwa hiyo atakuja na karanga na dawa ya kuchua. Najua umeichoka nyumba hii, najua unataka fungu lako ununue mashine ya kusaga. Wala siogopi pesa yake. Naogopa kwamba utampenda. Atakuuliza magoti, na atasikiliza jibu.

Mpe chai. Ana mikono mizuri ya kazi, mwonyeshe banda la kuku. Karatasi usishike. Na akishaondoka, funga mlango wako, panda basi uje huku. Chumba cha mbele cha Baba nimekifagia na kitanda nimekitandika. Mimi nitakuuliza magoti kila asubuhi, wewe utaniuliza mguu, na tutagombana mchana kutwa bila dalali.

Levina anakuamkia, Ummy anakusalimu, hata yule mbuzi. Wasalimie majirani zako wa kanisani, uwaambie matroni ni mwanangu.

Dada yako,
Marcelina Ng'washi
(Mama Levina)