Nati Moja Haionekani

Kakuma, Jumanne

Leo nimeing'oa manifoldi ya gari la Deng, lile bomba la kuingiza hewa kwenye injini, kama jino la mtoto. Uongo. Ilikuwa imeganda, nikaipiga nyundo mpaka ikachomoka ghafla, nati nilizoziweka juu yake zikaruka, na matundu ya injini sikuwa nimeyaziba kwa matambara.

Manifoldi mpya nimeshaifunga. Nati moja siioni. Iko mchangani, au imo ndani ya injini.

"Mzee, tutafika Lodwar?" Deng aliniuliza. Alfajiri anampeleka mkewe kujifungua.

"Injini hii itakuzika wewe," nikamtania.

Sasa naogopa mdomo wangu. Ikizimika njiani, msafara wa magari unaosindikizwa na polisi hausubiri mtu, na majambazi...

Mungu, jenereta ya kanisa lako niliitengeneza bure. Hiyo nati iweke mchangani tu. Hata nisiione.