Kati ya Pombe na Alois

Sikonge,
14 Septemba 1947

Dada yangu mpenzi Bernadeta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi mwilini ni mzima. Ninakula na usingizi ninaupata. Habari za kichwa changu ndizo zilizonifanya niombe karatasi.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka Burma. Padre aliona ulevi tu, akaniapisha mbele ya altare nisiguse tena wanzuki, ile pombe yetu ya asali. Nikaacha siku ileile. Ndipo mwili ukaanza kutetemeka, na Alois, rafiki yangu aliyefia ubavuni mwangu kule msituni, akawa ananiita mchana kweupe. Baba akasema basi ni mapepo, akanipeleka kwa mganga wa kienyeji. Yule naye akashughulika na Alois peke yake. Alinipa unga wa mizizi, nami nikaunywa kwa wanzuki, maana hakunikataza. Asubuhi ile nilipokatakata ghala kwa panga nikidhani Wajapani wamejificha ndani, nilikuwa nimekunywa vyote viwili. Mke wangu Marcelina akambeba mtoto wetu, akaenda kwao Lusu. Hakukosea.

Hapa misheni nimepokewa na Mganga Elieza, Mmoravian mpole aliyewahi kuhudumia majeruhi jeshini. Hakuanza kwa kuniuliza ninakunywa kiasi gani. Aliuliza, "Kati ya pombe na huyo rafiki yako, nani alitangulia?"

Dada, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia Alois alitangulia. Nikinywa alinyamaza, pombe ikiisha alirudi na hasira zaidi. Elieza akasema basi hatamtibu mmoja na kumwacha mwenzake, kwani atakayebaki atamwita aliyeondoka. Akanipa dawa ya kutuliza mtetemeko, na alasiri akawa anakaa nami nimsimulie Alois alivyokuwa: alivyotuimbia Kinyamwezi tukivuka mito, alivyoiba sukari ya sajini, na alivyokufa. Hilo la mwisho lilinichukua majuma mengi.

Kazi yangu ni kuchonga mizinga ya nyuki pamoja na Shaban, fundi cherehani wa Tabora mjini aliyeletwa kwa bangi na huzuni. Harufu ya asali hunitia kiu ya wanzuki. Mwezi wa sita ilinishinda, nikaenda kilabuni nikanywa hadi nikaanguka. Nilirudi nikijua nitafukuzwa. Elieza aliniletea uji, akauliza Alois alisema nini siku hiyo kabla sijaondoka.

Sasa nimepata salamu zako kwamba mama anatayarisha sherehe ya kupona kwangu, na baba anataka kwenda Lusu kuwaambia wakwe nimepona, wamrudishe Marcelina. Nimezisoma mara nyingi, na imenibidi nikwambie kweli.

Dada, sijapona. Alois bado ananiita. Juzi aliniita kisimani, kwa sauti ileile. Nilimwambia Shaban kwamba nimemsikia, akasimama nami. Kisha tukajaza ndoo, tukarudi. Sikutafuta pombe. Hayo ndiyo niliyo nayo mpaka sasa.

Kwa hiyo mzuie baba. Nenda wewe Lusu. Mwambie Marcelina kwamba tangu mwezi wa sita sijanywa, kwamba sauti ipo, na huenda nikazeeka nayo. Asiambiwe na mtu yeyote kwamba nimekuwa tena yule aliyemwoa kabla ya vita. Akitaka kuja kunitazama, Elieza atazungumza naye pia. Asipotaka, nitaelewa; anibusie mtoto tu.

Wape wote salamu zangu, na mama umshike mkono kwa niaba yangu. Baba mpe shikamoo. Akiuliza kwa nini nakataa sherehe, msomee barua hii yote, usiruke neno.

Ni mimi mdogo wako,
Damas