Ujumbe Ambao Bado Haujafutwa

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba. Huku Ihembe hatujambo, na kahawa imeanza kuiva. Umeuliza kwa nini nisisubiri uje Krismasi, upige mwenyewe picha ya ule ujumbe wa wasapu ambamo babu yako mdogo amekiri kwamba kibanja hiki ni changu. Anaweza kuufuta, mama.

Nilipokuwa msichana, baba na jirani walipanda miti ya mulamula mpakani, iwe alama kati ya vibanja vyao. Siku moja jirani alikuja kuuliza, kwa upole, kama imeshika mizizi. Kesho yake tuliikuta imeng'olewa.

Nabonyeza vitufe viwili kwa pamoja kama ulivyonielekeza, lakini kimoja kinatangulia, simu inazima. Na leo asubuhi babu yako mdogo amenipigia. Ameuliza, kwa upole, kama ujumbe wake niliuona.

Bibi yako